Wenye saluni, wekeni wembe chini: sugu si uchafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloenea hapa Mombasa na ambalo kila msimu wa arusi huliona limezidi. Katika saluni na vibanda vya urembo imekuwa kawaida wanawake kukatwa sugu za viganja na nyayo kwa wembe, au kuvishwa soksi za plastiki zenye asidi ya kubambua ngozi, ili wawe laini siku ya shughuli. Mimi ni mpaka hina wa Kibokoni, Mji wa Kale. Kazi niliipokea kwa mamangu, naye kwa mamake. Kutwa nzima huwa nimeshika viganja na nyayo za watu, na haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, mengine ndani ya ukoo wangu mwenyewe.

Nianze na namna sugu zinavyokuja, kwa kuwa wengi wanaozikata hawajui wanakata nini.

Ngozi ya binadamu haina unene mmoja. Tabaka la juu la ngozi ya kope ni kama milimita 0.05 tu, na la kiganja na unyayo hufikia milimita 1.5. Tunazaliwa hivyo. Mtoto mchanga ninayepakatishwa nimtie hina ya Idd, ambaye hajawahi kukanyaga chini, tayari ngozi ya nyayo zake ni nene kuliko ya pahala pengine mwilini. Kuanzia hapo, kazi ndiyo inayoongeza.

Chini ya tabaka hilo la juu kuna chembe hai zinazogawanyika usiku na mchana. Chembe mpya huzisukuma za zamani kwenda juu, nazo zikipanda hujaa keratini, ile ile iliyomo katika kucha na nywele, kisha hufa, hutandazika na mwishowe hupukutika bila sisi kujua. Safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Panaposuguliwa au kugandamizwa mara kwa mara, chembe za chini huzaliana kwa kasi zaidi, na zile za juu hukawia kupukutika, zikabaki zimeshikana tabaka juu ya tabaka. Sugu hiyo. Inataka nguvu ya kiasi, inayorudiwa pahala pamoja, siku nenda siku rudi. Nguvu ikiwa kubwa kwa ghafla ngozi haipati muda wa kujiandaa: matabaka yake huachana, maji yakaingia katikati, ukatoka malengelenge. Kijana wa mjini akishikishwa kasia kwa mara ya kwanza, jioni atarudi na malengelenge, hali mvuvi wa Likoni waliyekuwa naye dau moja atarudi na viganja vikavu. Kijana yule akiendelea polepole, sugu nazo zitamjia. Na akiiacha bahari, baada ya wiki au miezi kadhaa zitaondoka zenyewe, hapana haja ya wembe wala ya asidi.

Sisi wapaka hina jambo hili tunaliona kwa rangi. Majani ya mhina yakitwangwa, yakachekechwa na kukandwa kwa ndimu, hutoa rangi inayoshikamana na keratini. Ndiyo maana hina hukolea zaidi kiganjani na unyayoni kuliko mgongoni mwa mkono, na penye sugu hukolea kuliko pote. Hina ya bakuli moja, iliyokaa mkononi kwa saa zile zile, juu ya mkono itatoka rangi ya machungwa, na kwenye sugu itatoka damu ya mzee. Na rangi ikishaondoka, wiki ya pili au ya tatu, ujue ni ile ngozi iliyoibeba ndiyo iliyopukutika. (Nasema hina ya majani. Piko ya unga wa kutia nywele rangi ni habari nyingine. Mimi siipaki, maana nimeona ilivyowababua watu ngozi.)

Mtu akinipa mkono nimwoshe kabla ya kumpaka, mara nyingi huwa nimeshajua riziki yake inatoka wapi. Fundi wa kushona wa Mtaa wa Biashara ana sugu kwenye shina la kidole gumba, pale duara la mkasi linapokaa akikata kitambaa, na nyingine ubavuni mwa kidole cha kati. Muuza mahamri yake iko chini ya kiganja, karibu na kifundo, kwa kukanda unga kila alfajiri. Msuka ukili ana mstari mgumu ubavuni mwa kidole cha shahada, ambapo miyaa hupita ikivutwa ikazwe. Anayeshona kofia kwa mkono ana ncha moja ya kidole ambayo sindano imeitoboatoboa mpaka imekuwa haitoboki tena kwa urahisi. Mwanafunzi wa kidato cha nne naye anayo yake, ndogo, karibu na ukucha wa kidole cha kati, pale kalamu inapoegemea. Na mabibi zetu wana sugu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa nje, panapogusa mkeka katika kikao cha mwisho cha swala. Ni ya namna moja na ile alama ya sijda inayoonekana kwenye vipaji vya nyuso za wazee. Hiyo ya bibi, kuna msichana mmoja aliyetaka niisugue iondoke ili picha za arusi yake zitoke vizuri. Nilikataa, na bibi akaniombea dua.

Marehemu mume wangu alikuwa hamali, akisukuma mkokoteni kutoka Marikiti. Sugu zake zilikuwa kwenye mashina ya vidole, kulia na kushoto sawasawa, na moja begani kwa ajili ya magunia. Jioni nilimpaka mafuta ya nazi zisije zikapasuka, kwa sababu sugu ikikauka sana hupasuka, na ikipasuka ufa huingia mpaka kwenye nyama hai. Usiku wa namna hiyo hakulala, na asubuhi kazi haikumngoja. Nayasema haya watu wasidhani namtetea mtu aziache sugu zake zijiendee ovyo. Sugu inataka kutunzwa kama chombo chochote cha kazi.

Wala si riziki peke yake inayoleta sugu. Kakangu hutengeneza friji mchana, na usiku hupiga udi na wenzake wa mtaani, kwa mapenzi tu. Shingo ya udi haina vyuma vya kukata sauti kama shingo ya gitaa. Ncha ya kidole chenyewe ndiyo inayoukata uzi. Alipokuwa anajifunza, vidole vyake vya mkono wa kushoto viliuma mpaka akawa hawezi kumenya chungwa. Mwalimu wake, mzee wa taarabu ambaye sasa hatunaye, alimwambia apige kidogo kila siku, asipige sana siku moja kisha akapumzika juma zima, na asivitie vidole majini kabla ya kupiga, maana ngozi iliyoroweka hulainika na uzi hukata. Baadaye ncha zikawa ngumu, na sauti ya udi wake ikabadilika, ikawa safi, kwa kuwa kidole kigumu hukata uzi sawasawa. Mwaka mmoja aliugua akakaa muda mrefu bila kuushika udi. Aliporudi, sugu zilikuwa zimekwenda na ilimbidi aanze na maumivu upya.

Mzee yule hakuwa amesoma kitabu cha ngozi, lakini aliyoyasema ndiyo hasa mwili unavyofanya kazi: kidogo kidogo, kila siku, pahala pale pale, pakavu.

Vijana wanaonyanyua vyuma nao wanazo, kwenye mashina ya vidole, pale pale alipokuwa nazo mume wangu. Ukifunikwa macho ukapewa kiganja cha kijana wa jimu na cha hamali, utapata tabu kuvitofautisha. Kijana huonyesha viganja vyake kwa fahari, huvipiga picha. Lakini mama anayekanda unga tangu alfajiri huvificha chini ya buibui.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Kuna mama mmoja wa Kisauni, mfanyaji mahamri, aliyemsomesha binti yake mpaka chuo kikuu kwa kazi hiyo. Siku ya kupaka hina alipofika kwangu alikuwa amekunja mikono kwapani. Nikamwambia, "Lete mkono, dada." Akasema, "Mkono huu usiupake maua, utie wote tu, usionekane. Sitaki wakwe wauone." Binti alikuwa amekaa pale pale na simu yake, na alikuwa amekwisha kumlipia mamake nafasi ya kukatwa sugu asubuhi ya pili. Nilimuuliza binti kama anajua ngozi ile imemchukua mamake muda gani kuipata, na kwamba akirudi kwenye karai juma lijalo bila ya kinga hiyo atatoka malengelenge na hatauza. Hakuwa amelifikiria. Nafasi ile ya saluni ilivunjwa. Nilimpaka yule mama maua makubwa ya kizamani, na chini ya kiganja, pale penye ugumu, hina ilikolea ikawa karibu na nyeusi. Wakwe waliiona.

Wasichana wa saluni huwaambia wateja kwamba sugu ni ngozi mfu inayozuia hisia, na kwamba ikiondolewa mwili "utapumua". Ngozi mfu, ndiyo; hata ya shavu la bi arusi juu ni chembe mfu. Lakini hilo la hisia si kweli. Mpwa wangu anayesomea utabibu Eldoret alinieleza utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature na Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao, wakiwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi. Walizipima nyayo za watu wa magharibi mwa Kenya, wanaotembea peku na wanaovaa viatu, na nyingine kule Boston, Marekani. Wanaotembea peku walikuwa na sugu nene zaidi kwa takriban asilimia 30, na ngumu zaidi. Lakini uwezo wa unyayo kuhisi haukupungua. Sugu kwa kuwa ni ngumu huupitisha mguso mpaka ndani, kwenye mishipa ya fahamu, tofauti na soli nene laini ya kiatu. Wavuvi wetu wanaotembea peku juu ya mwamba maji yakitoka wangeweza kuwaambia hayo. Wanahisi kila ncha, na hawakatiki.

Anayepoteza hisia miguuni mara nyingi ni mgonjwa wa kisukari, na kinachomwondolea hisia si sugu, ni sukari iliyoharibu mishipa ya fahamu kwa miaka. Hapa, Mhariri, naomba wasomaji wako wanisikilize sana.

Halati yangu, mdogo wake mamangu, ana kisukari kwa muda mrefu. Ana sugu chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa ajili ya kusimama jikoni na kuvaa champali nyembamba maisha yake yote. Kabla ya arusi ya mjukuu wake, wajukuu walimpeleka kwenye saluni kwa nia njema kabisa, apumzike, atengenezwe miguu. Hakuna aliyemuuliza kama ana maradhi yoyote. Waliitia miguu yake katika maji ya moto, wakaisugua, kisha wakaichukua sugu kwa wembe, tabaka baada ya tabaka, mpaka ikaonekana ngozi ya waridi. Halati alisinzia kwenye kiti. Hakusikia chochote, na wasichana waliona hiyo ni dalili ya kazi nzuri.

Alipokuja kwangu nimpake hina nilishika unyayo nikausikia una joto kuliko mwenzake, na pale palipokatwa palikuwa na majimaji na harufu. Sikupaka. Nilimwita mwanawe tukampeleka hospitali usiku ule ule. Kidonda kilikuwa kimekwisha kuingia ndani. Walijitahidi kwa dawa na kwa kukisafisha, lakini kidole gumba kilikatwa. Arusi ilifanyika yeye akiwa wodini. Mtu akikosa kidole gumba cha mguu hutembea kwa kuegemea upande mwingine, uzito ukahamia pahala papya, na sasa sugu mpya inamtoka chini ya kidole cha pili. Kwa hivyo kila mara anarudi kliniki ya kisukari, ambako muuguzi aliyefunzwa humpunguzia sugu hiyo kwa kisu safi cha kitabibu, kwa kipimo anachokijua.

Nimelitaja hili la muuguzi kwa makusudi, isije ikadhaniwa nasema mwenye kisukari aiache sugu yake inenepe. La. Kwake yeye sugu nene huongeza mgandamizo juu ya nyama iliyo chini, nyama ikachubuka ndani kwa ndani, damu ikajikusanya na kidonda kikaanza hali juu pamefunikwa. Sugu yenye doa jekundu au jeusi kwa chini, yenye joto, unyevu au harufu, si ya kungoja hata siku moja. Ila wa kuigusa ni mtu wa hospitali. Na mwenye kisukari asirowekwe miguu muda mrefu, wala asipime joto la maji kwa mguu wake. Apime kwa kiwiko, au mtu mwingine ampimie.

Kwa mtu mwenye afya mambo ni mepesi zaidi, na tuliyoyakuta kwa mabibi zetu yanatosha. Maji ya vuguvugu kiasi cha dakika kumi. Jiwe la kusugulia, taratibu, upande mmoja, mpaka pawe laini kidogo, si mpaka pawe pekundu. Kukausha vizuri hata katikati ya vidole. Mafuta ya nazi, au jeli ya kawaida, na soksi ya pamba usiku. Magaga ya kisigino huja kwa sababu ngozi nene imekauka nayo inabeba uzito wa mwili, na champali iliyo wazi nyuma huiachia nyama ya kisigino itanuke ubavuni na kupasua ngozi. Mwenye magaga hana haja ya wembe, ana haja ya mafuta na kiatu kilichofungwa nyuma kwa majuma machache. Singo, ule mchanganyiko wetu wa manukato wa kusugulia mwili, pia inafaa, na nasikitika wengi wameiacha wakakimbilia vichupa ambavyo hata aliyeviuza hawezi kukusomea kilichomo.

Kuna sugu yenye kiini kigumu katikati, inayochoma kana kwamba umekanyaga kokoto. Hii hutoka kwenye vidole vya miguu, juu au ubavuni, na asili yake karibu kila mara ni kiatu. Nimeziona kwa mabi arusi wanaojizoeza kutembea na visigino virefu, na kwa akina mama wa ofisini wanaobana vidole kutwa. Ikikatwa na kiatu kikabaki kile kile, itarudi, maana kilichoileta bado kipo. Badilisha kiatu kwanza. Plasta za asidi ya salisili zinazouzwa kwenye maduka ya dawa husaidia, lakini asidi haichagui kati ya sugu na ngozi nzima iliyo kando yake, na mwenye kisukari au mwenye damu isiyofika vyema miguuni asiziguse kabisa. Soksi za kubambua zinazouzwa kiholela zina asidi za jamii hiyo hiyo. Nimeona unyayo wa bi arusi unaobambuka mapande mapande siku ya ndoa kwa kuzivaa juma moja kabla, na hina juu yake haikushika popote.

Wembe wenyewe una hatari hata kwa asiye na maradhi. Ukikatwa zaidi ya sugu unatoka damu, na wembe uliotoka damu ya mtu ukatumiwa kwa mwingine unaweza kumpa homa ya ini aina ya B, au virusi vya Ukimwi. Nimeingia katika vibanda ambavyo wembe huoshwa kwa maji ya bomba, ukafutwa kwa taulo la mteja aliyetangulia, kazi ikaendelea.

Nawaomba wenye saluni wenzangu, maana sote tunakula kwa mikono na miguu ya watu: swali la kwanza kwa kila anayeketi kwenye kiti chako liwe kama ana kisukari. Akisema anacho, mwoshe kwa upole, mpake mafuta, mtie rangi ya kucha akitaka, na usiondoe kitu chochote kwenye ngozi yake. Akisema hajui, na ana umri mkubwa, au unaona unamgusa unyayoni hashtuki, mchukulie kwamba anacho. Hutapoteza mteja kwa hilo. Mimi huuliza na sijawahi kuona mtu akikasirika. Wengi hushukuru, na wengine ndipo wanapokumbuka kwenda kupimwa.

Kwa maafisa wa afya wa kaunti, ombi langu ni kwamba mnapokuja kukagua leseni ukutani mfungue na droo. Tazameni nyembe, mkwangulio na hizo soksi. Mtu anayekata ngozi ya mtu anafanya kazi ya kitabibu, apate mafunzo yake au aiache.

Kwa wanaoandika kurasa za urembo, likiwemo gazeti hili, naomba muache kuzitaja sugu pamoja na chunusi na makovu katika orodha ya mambo ya "kuondoa". Mwandikieni msomaji namna ya kuzitunza. Nusu ya wanaolinunua gazeti hili asubuhi hulishika kwa vidole vyenye sugu.

Na kwa mabinti: mkitaka kumfurahisha mama kabla ya arusi, mwulizeni anachokitaka yeye. Akitaka mikono yake ilainike, mleteni siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia shughuli. Siku ya kwanza tutamwosha na kumpaka mafuta, siku ya pili tutamtia hina, na siku ya tatu, asipotia mikono majini, rangi itakuwa imeiva. Mtu wa kumshikia kazi za jikoni siku hizo mtafuteni ninyi.

Halati ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina lake wala la saluni. Naomba barua hii itoke kabla ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa sababu arusi nyingi hapa kwetu hufungwa mwezi huo, na vibanda vimeanza kubandika bei za kukata sugu tangu sasa.

Mpaka hina,
Kibokoni, Mombasa